Kitenge cha Mama na Neno la Sista Pilar

Kuna siku moja haijanitoka, mwanangu, ingawa nyingi nyingine nimezisahau, hata zile nilizoapa kwamba sitazisahau. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na sita, nimekaa kwenye benchi la darasa la ushonaji la masista, upande wa Simi-Simi hapa Kisangani, na mbele yangu kulikuwa na blauzi ya kwanza niliyoishona bila mtu kunishika mkono. Mshono wa bega ulikuwa umepinda. Sista Pilar, Mhispania mfupi aliyekuwa akitufundisha, aliigeuza nje na ndani, akaona ule mshono, akaamua kutouona. Kisha akaniuliza nitaiestrena lini.

Sikumwelewa. Sista alifundisha kwa Kiswahili cha kuokotaokota na Kifaransa cha kuchechemea, na neno alilolikosa kotekote alilitoa kwao. Akatueleza kwamba estrenar ni kuvaa kitu kwa mara ya kwanza. Sisi tuna kuvaa, tuna kufungua, chombo tunakizindua, nyumba tunaihamia. Wao wana neno moja kwa yote hayo. Nyumba mpya huestrenwa. Sinema ikionyeshwa mara ya kwanza, hiyo ni estreno. Mwalimu anayeingia darasani siku yake ya kwanza ameestrena kazi. Hata mwenye meza sokoni, akiuza kitu cha kwanza asubuhi, husema ameestrena. Kifaransa nacho kina ndugu wa neno hilo, lakini sisi tulimjua kwa zawadi za mwaka mpya tu, ambazo hata hivyo hatukuwa tukizipata.

Akasema pia kwamba kijijini kwao, Jumapili ya Matawi, kila mtu sharti avae kitu kipya hata kama ni soksi, kwa maana wazee wao husema asiyeestrena siku hiyo hukosa mikono. Sisi wasichana wa Kiislamu tukacheka, tukamwambia siku yetu ni Idi na mikono tunayo. Mmoja wetu, mwenye ulimi usio na mlinzi, akauliza kama bibi harusi naye huestrenwa. Sista hakucheka. Alisema wapo wanaume wenye midomo michafu wanaolitumia hivyo, ila mtu si nguo, na atakayelisema tena darasani mwake atafagia uwanja wote peke yake. Nilimwona mkali bila sababu. Miaka ilinifundisha sababu yake, na ada niliyolipa ilikuwa kubwa kuliko ya masista.

Mwisho akatupa umbo moja la neno hilo: sin estrenar, yaani kitu kilichokaa tu, kipya, hakijaguswa. Hapo sauti ilimshuka. Alikuwa na dada yake aliyefariki akaacha kabati zima la mashuka mazuri ambayo hakuna aliyewahi kuyalalia. Akatuambia tusiishi hivyo, tuvae vitu vyetu tungali na ngozi ya kuvivaa. Niliyachukua maneno yake mazimamazima, kama mtoto anavyomeza dawa, na sikujiuliza kama dawa ya kwao inaponya maradhi ya kwetu.

Nikampelekea mama neno hilo jioni ile ile. Mama yangu alikuwa mjane, akiuza samaki wakavu waliotoka Ubundu kwa treni, siku treni ilipokubali kutembea. Mengine yote hakuyajali, ila lile la sokoni lilimpendeza sana, maana hakuna muuza samaki asiyejua uchungu wa kukaa mpaka saa nne bila mkono wa kwanza. Tangu siku hiyo akawa akirudi nyumbani ananiambia leo ameestrena mapema, au leo mwenye kumuestrenia alikuwa mkorofi, na majirani wa mezani kwake wakalidaka. Mpaka leo, ukipita asubuhi pale kwenye samaki wakavu, utasikia bibi mmoja akimwomba mteja amuestrenie, na hajui hata Uhispania iko upande gani wa mto.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo kisa kinapoanza kuuma.

Niliolewa na Amisi, mfanyabiashara wa mpunga aliyekwenda na kurudi barabara ya Bengamisa. Nilimtaka mwenyewe, siwezi kumsingizia mtu. Siku ya kuleta mahari vitu viliwekwa juu ya mkeka uani kwetu: mbuzi wa wajomba na baba wadogo, taa ya karabai, sufuria kubwa za aluminiamu, na liputa ya mama. Liputa ndiyo kitenge tunachokiita hivyo hapa Kisangani, na liputa ya mama ni ile anayopewa mzazi wa kike kwa maziwa aliyonyonyesha. Ya mama yangu ilikuwa buluu nzito yenye maua ya manjano, karatasi ya kiwanda bado imegandishwa pembeni. Tonton Ramazani, mdogo wa marehemu baba, ndiye aliyesimamia kila kitu. Mbuzi hakumaliza wiki. Taa ilikwenda kwake, sufuria zikaenda kwa wake zake. Mama akachukua kitenge chake, akakiweka katika sanduku la bati, akafunga.

Idi ikaja, mama akavaa kikuukuu. Nikamfuata nikamwambia nimshonee, ufundi ninao na cherehani ninayo. Akasema bado. Harusi ya jirani ikaja, akavaa kikuukuu. Nikamkumbusha neno la Sista, nikamwambia ataishia kama yule dada wa mashuka. Mama akanitazama muda mrefu kuliko neno langu lilivyostahili.

"Ile liputa haiko ya kuvaa," akaniambia. "Iache pale iko."

 Nami nikaona haya kwa ajili yake, kisha haya ikageuka kinyongo. Kwa mume wangu walishaanza kunong'ona kwamba mama mkwe anadharau zawadi yao. Nikajijibu mwenyewe, pasipo kumuuliza mwenye jambo, kwamba mama hakuipenda ndoa yangu tangu mwanzo, na kwamba kile kitenge kilichofungiwa ni njia yake ya kuniambia: ulimtaka mwenyewe, kaa naye mwenyewe. Kuuliza si ujinga, mwanangu, lakini binti aliyeolewa kwa kiburi huona kuuliza ni kushindwa.

Amisi alikuwa na mkono mwepesi wa kupiga. Sitakueleza mengi, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na sioni faida ya kukulaza juu ya changu. Ilianza kwa sababu ya chumvi, ikafuata kwa sababu ya mteja wa kiume aliyeleta suruali kushonwa, halafu ikawa haihitaji sababu. Kwa mama nilikwenda na mikono mirefu ya blauzi hata wakati wa joto la kuchemsha ubongo. Nilimwambia mambo ni mazuri. Aliniuliza kila mara, kwa maneno yale yale, kama nina jambo la kusema. Kila mara nilimjibu sina.

Mara moja tu nilijaribu mlango mwingine. Nilikwenda kwa Tonton Ramazani, kwa kuwa ndiye aliyepokea mahari yangu, na kwa desturi yetu mwanamke akitaka kutoka kwa mume, walichopokea wazee hurudi kwa mwenyewe kabla ya lingine lolote. Alinisikiliza hadi mwisho, namshukuru kwa hilo, maana wengine hata hilo hawalifanyi. Nyuma yake ile taa ya karabai ilikuwa imetundikwa, kioo chake kimepasuka.

"Bon, mutoto yangu, mbuzi tulishakula," akasema. "Sasa tutarudisha nini kwa ule bwana? Mifupa?"

Wake zake wakacheka kidogo, si kwa ubaya, ndivyo watu wanavyocheka jambo lisilo na dawa. Akanipa nauli ya toleka, nikapanda nyuma ya baiskeli ya kukodi, nikarudi kwa Amisi. Njiani nilijiambia mvumilivu hula mbivu. Nakwambia leo, huo ni msemo mtamu sana mdomoni mwa mtu ambaye si yeye anayengoja.

Mama alifariki ghafla msimu wa mvua. Kichwa kilimuuma sokoni, wakamleta nyumbani juu ya mkokoteni wa samaki, na kabla ya alasiri tulikuwa hatuna mama. Tulimzika siku ile ile kama dini inavyotaka. Watu walijaa uani, na wageni lazima wale. Tonton Ramazani akasema marehemu alikuwa na mbuzi aliyemfuga kwa dada yake, akatuma vijana wakamlete. Sikujua mama ana mbuzi. Lakini nilikuwa na kilio kichwani, nani angeuliza habari za mbuzi? Alichinjwa, akapikwa, na mimi mwenyewe nikaigawa ile nyama kwa sahani, wa kwanza wakiwa wazee. Nilikula na mimi. Ilikuwa nyama laini.

Matanga yalipomalizika, Mama Mukubwa Aziza, yaani dada mkubwa wa mama yangu, alinishika mkono tukakaa nyuma ya jiko. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, mkulima wa barabara ya Bengamisa, na siku ile alionekana ana hasira nami hata nikaogopa. Aliniuliza kwa nini sikusema. Nikamuuliza niseme nini. Hapo akaikunja mikono ya blauzi yangu juu, taratibu, mmoja kisha mwingine, akatazama, akaishusha tena.

"Mama yako alijua," akasema. "Ile liputa aliiacha mupya juu siku ukisema unataka kurudi, irudi vile ilikuja. Ule mbuzi aliununua mu nafasi ya ile tonton yako alikula. Taa iko kwangu, masufuria iko kwangu, vyote mupya, vyote vya kurudisha. Ilibakia tu kinywa yako."

Nikamuuliza kwa nini mama hakuniambia. Akanijibu kwa kunikaripia, kana kwamba nilipaswa kuwa najua. Kwa wanawake wa ukoo wetu, mama hamwambii binti arudi. Akisema yeye, watu watasema amevunja nyumba ya mtoto wake, na wadogo wa binti hawataposwa. Binti ndiye anayesema, mama huwa ameshaandaa. Ndivyo bibi alivyowafanyia wao, na Mama Mukubwa mwenyewe alirudi nyumbani kwa njia hiyo ujana wake, kitenge cha mama yake kikatolewa sandukuni kikiwa na karatasi ya kiwanda. Kila mwanamke mkubwa alilijua. Sisi wadogo tulipaswa kulisoma machoni, nasi tulikuwa tukisoma mambo ya masista.

Mwanangu, fikiria hilo kidogo. Mama yangu alikaa miaka na samaki wake, akiestrena mapema au akiestrena kwa taabu, na kila alichobakiza kikawa sufuria, kikawa taa, kikawa mbuzi wa kuninunulia njia. Mlango alioufungua kwa mikono yake miwili mimi niliutazama nikauona umefungwa. Nikaukasirikia. Sijui kama kuna uchungu unaoupita huo, na kama upo, nisionyeshwe.

Nilitoka pale nyuma ya jiko nikiwa nimeamua. Nilidhani kitenge, taa na sufuria vingetosha kuanzia, mbuzi tungemtafuta. Lakini akiba haiozi, husemwa, ila hawasemi kwamba huliwa na wengine. Vijana waliomleta mbuzi walikuwa wameviona na vile vingine kule kwa Mama Mukubwa, wakavibeba yeye akiwa matangani bila habari, na Tonton alikuwa ameshavigawa vyote, pamoja na kitenge cha sandukuni, kama mali ya marehemu. Kesho yake mke wake mdogo alifika kwenye cherehani yangu na furushi. Alilifungua mezani. Kilikuwa kile kitenge cha buluu. Alitaka nimshonee cha kuvaa siku ya arobaini, blauzi yenye mikono ya puto.

Nilimwacha amesimama, nikaenda kwa Tonton na kile kitenge mkononi. Wazee wenzake walikuwepo. Nikasema mbele yao lile neno ambalo mama alilingoja, nikalisema kwa sauti, kwamba nimerudi, simtaki Amisi, na hivi hapa ni vitu vyake. Tonton hakunikasirikia. Alikuwa mtu mpole, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, ningependa kumkumbuka akiwa mkali. Alisema nimechelewa. Alisema marehemu hakumwachia usia, na kitu cha marehemu kisicho na usia ni cha ukoo. Mzee mmoja akaongeza kwamba mbuzi tumemla wote, hata mimi. Wakanishauri nirudi kwa mume wangu mpaka arobaini ipite, tutazungumza. Arobaini ilipita. Hatukuzungumza.

Mbuzi wangu aliliwa mara mbili, mwanangu. Mara ya pili niliwapakulia.

Utaniuliza kile kitenge nilikifanyaje. Nilikikata. Niliporudi kwenye cherehani, yule mke mdogo wa Tonton alikuwa bado amesimama pale akipima mabega yake kwenye kioo, na mimi nilikuwa mshonaji. Niliibandua karatasi ya kiwanda, nikaichana vipande vidogo, nikatia mkasi. Siku ya arobaini alipendeza sana. Watu walimsifu, naye akawaambia fundi ni nani.

Nilikaa na Amisi miaka mingine ambayo siihesabu. Sikio langu la kushoto halisikii vizuri, ndiyo sababu nakutaka ukae kulia kwangu. Kisha siku moja akapata mwanamke mwingine huko Ubundu, akabeba nguo zake na redio, akaenda. Hakurudisha kitu, hakudai kitu, na hakuna mzee aliyeitwa kukaa mkekani. Yeye kutoka kulimgharimu tiketi ya treni.

Sista Pilar alikuwa ameshazeeka alipokuja kuniaga kabla ya kurudi kwao. Nilimsimulia yote haya huku nikimtilia zipu kwenye begi lake. Akaniambia kwamba alitufundisha neno lile kama mtu aliyelijua lote, na kumbe kwao hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kitu kinaweza kuachwa kipya kwa mapenzi. Akaniomba radhi. Sikuwa na radhi ya kumpa, kosa halikuwa lake. Neno lilikuwa zuri. Mimi ndiye niliyemvika mama yangu bila kumpima.

Basi, haya ndiyo niliyokuitia. Nasikia wiki ijayo mkeka utatandikwa kwenu, na simu za dada zako zimeshajaa picha za vitenge na za mbuzi aliyefungwa utepe. Mimi sizuii furaha. Lakini wewe unayeolewa, kabla hujavuka kizingiti, mshike mama yako mkono umuulize kwa maneno kamili: nikitaka kurudi, nitarudi vipi? Asikujibu kwa kukutazama. Usikubali kujibiwa kwa sanduku. Na siku ukiwa na jambo la kusema, liseme ukiwa bado na wa kumwambia, maana mficha maradhi kifo humuumbua, na kwangu mimi kifo hakikuwa hata changu.

Na nyinyi akina mama mnaosikiliza nyuma ya pazia mkijidai mnachambua mchele, nawasikia. Acheni desturi hii ya kimya. Ilikuwa desturi ya mapenzi, sikatai, na imewaokoa wengi. Lakini sasa watoto wenu wanasoma shule, wanasoma simu, wanasoma Kifaransa na Kichina. Nyuso zenu hawazisomi tena. Kila mmoja wenu afungue mdomo kwa mtoto wake. Mwambie, "Ukipigwa, kuja." Kama majirani watasema umevunja nyumba, waache waseme, ni nyumba ya nani inayosimama kwa mifupa ya mtoto wako? Na wajomba wakija kugawa, simameni, mseme mbuzi huyu haliwi kwanza mpaka tuone mtoto anavyoishi. Watawacheka. Mimi nimechekwa kwa vidogo zaidi ya hivyo.

Haya, inua mikono. Mwenyezi Mungu akupe mume mwenye mkono mzito kuinuka kupiga na mwepesi kutoa. Akupe watoto wasiokuogopa. Akuzidishie siku za mama yako, na kama itafika siku ya wewe kurudi na kigunia chako kichwani, Mungu na akukutanishe mlangoni na mtu aliye hai. Amina. Nenda sasa, mama yako amekusubiri nje siku nzima, na nadhani ana jambo anataka kuulizwa.